Ufunguo wa Mfereji Wetu

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje? Na Mama, bado anakufokea ukiingia jikoni na gambuti zenye tope? Mimi ni mzima, mashavu yamejaa licha ya kukimbizwa kila asubuhi, na baridi ya huku nimeizoea. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe husema "sawa sawa" halafu unakata, na hili nataka ulisikie lote.

Siku naondoka ulisema jeshini nitafundishwa kubomoa tu. Neno hilo liliniuma. Basi ujue kwamba tukitoka kwenye gwaride huwa tunaingia darasani kusoma usalama wa taifa: mipaka, chakula, maji, mambo yanayogombanisha watu kabla bunduki haijaonekana. Tunafundishwa na kanali mmoja, mpole wa sauti na mkali wa maswali.

Wiki iliyopita alitupa kisa cha kubuni. Vijiji viwili vinatumia mto mmoja. Cha juu kimeziba maji, cha chini kimeshika mapanga. Tungefanya nini? Wenzangu wakamwaga vikosi kila upande, vizuizi barabarani, helikopta juu. Kisha kanali akanitaja jina. Ndipo nikawaeleza mambo ya kwetu Mboghoni: kwamba mfereji wetu una lango moja lenye kufuli, na ufunguo haukai kwa mtu wa juu wala kwa chifu, unakaa kwa mwenye shamba la mwisho kabisa. Maji yakimfikia yeye, yameshapita kwa wote, na yakizuiwa ovyo, shamba la kwanza kukauka ni lake. Nikasema kikosi kiende, ndiyo, kitenganishe watu, lakini kisiondoke kabla ya watu wa chini kukabidhiwa ufunguo.

Darasa lilicheka niliposema mwenye ufunguo ni babangu na huuvaa shingoni hata kanisani. Kanali hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, kisha akauliza, "Na siku mwenye ufunguo hayupo?"

Tangu upewe huo ufunguo, Baba, hujawahi kulala nje ya Mboghoni. Hata harusi ya shangazi kule Chawia ulituma sukari tu. Nikamwambia kanali ukweli huo, naye akasema, "Basi muulize mwenyewe." Alama alizonipa zilishinda za darasa zima, na wala sioni haya kujisifu, maana somo ni lako.

Sasa nakuuliza. Mwezi ujao tunakula kiapo na kuvishwa nyota. Kadi ya mwaliko nimeitia humu ndani, ina jina lako na la Mama. Najua utasema zamu za maji. Najua pia humwamini Mzee Mutua wa shamba la kwanza, tangu alipovunja kufuli akanywesha mahindi yake siku isiyo yake. Lakini wakati huo mimi nilikuwa darasa la sita, Baba. Na ni yeye aliyenibebea sanduku mpaka stendi ya Taveta asubuhi ile ulipokataa kutoka shambani. Sijakuwekea kinyongo, ila niliangalia nyuma mara nyingi.

Wewe husema asiyekuwepo na lake halipo. Hata huku ni hivyo hivyo. Nitakuwa mstari wa pili, wa tatu kutoka kulia, na haturuhusiwi kugeuza shingo, kwa hivyo kaa mahali macho yangu yatakufikia.

Nisalimie Mama, mwambie viatu vyake vya kanisani vinatosha, asinunue vingine. Nisalimie bibi wa Chawia anayeniombea kila Jumapili, na mdogo wangu Mwakio, aache kupanda baiskeli yangu. Mzee Mutua naye mpelekee salamu zangu wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, na ufunguo uwe ndani ya mkono huo.

Binti yako anayekungoja,
Wakesho