Sweta la Kuvaa Duarani

Jumatatu, 6 Juni 1983. Nyasubi, Kahama.
Nimefuma asubuhi, nimefumua mchana. Tena. Kipande cha kifua, bluu na nyeupe. Kinafanana na kila sweta nililowahi kuliona kwenye madirisha ya maduka ya Ujerumani. Mwalimu wangu wa ufumaji kule atalijua hilo kabla sijakitoa kwenye begi. Aliniambia, nenda kwenu ukaniletee kitu ambacho mimi siwezi kukifikiria. Rahisi kusema.

Nikiwa kule naota Kahama. Nikiwa Kahama naota karakana, kelele za mashine, lile dirisha lenye ukungu. Sijui nitatulia wapi. Leo nimezunguka uani mpaka Mama akaniuliza kama ninaumwa tumbo.

Alhamisi, 9 Juni.
Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka la khanga, amekuja kusalimia. Nikamwonyesha sufu niliyokuja nayo. Sanduku zima. Nyekundu, kijani cha majani makavu, bluu mbili, nyeupe. Akaishika kwa vidole viwili kama anashika kifaranga.

"Sasa sweta, Kabula. Kwa jua hili atavaa nani?"

Alipoondoka Mama alinifokea kwa sauti ya chini. Nisimwonyeshe kila mtu. Sabuni haipatikani, sukari ni ya foleni, halafu mimi chini ya kitanda nina sanduku la vitu vipya kutoka Ulaya. Nikamwambia ni vifaa vya shule. Akasema hayo nitamweleza yeye, siyo watu.

Jumanne, 14 Juni. Kishapu, kwa mjomba.
Nimechora vikapu. Nimechora pembe za ng'ombe, mashina ya pamba iliyokwisha kuvunwa, ufa wa ardhi kavu. Jioni nikatazama nilichochora. Picha za kalenda. Nimewaangalia ng'ombe wa mjomba wangu kama mgeni anayepita na kamera. Nimejichukia.

Mjomba kaniuliza kama Wajerumani hawana ng'ombe.

Ijumaa, 17 Juni. Nyasubi.
Nimerudi nimekuta duka la Mama Zuhura limefungwa. Msako wa walanguzi. Mgambo walibeba khanga zote, wakamkamata mume wake. Mama Zuhura amejifungia nyumbani, hafungui mlango. Mtaani wanasema watu wanatupa mali porini, wengine wanaichoma, wasikutwe nayo.

Mama amesonga ugali hadi ukashika chungu. Si kawaida yake. Nilipomwambia kesho nakwenda Bugarama kumwona kaka Masanja alisema, "Nenda. Ni vizuri usiwepo." Nilifurahi kuruhusiwa. Sikuuliza kwa nini.

Jumapili, 19 Juni. Bugarama.
Kaka amekonda. Kifua kimepanuka, miguu imekuwa vijiti. Anachimba na wenzake kwenye duara moja, shimo refu linaloshuka wima kisha linakata kando kufuata mwamba. Wenzake hawataki mwanamke asogee mdomoni mwa duara. Wanasema dhahabu itakimbia. Nimekaa mbali, juu ya kifusi, nimekasirika. Halafu nikasahau hasira.

Kwa sababu kutoka pale juu sikuona nyuso. Niliona maumbo tu. Wanatoka mmoja mmoja. Huko chini kuna maji na maji ni ya baridi, kwa hiyo kila mmoja amevaa gunia alilolitoboa la kichwa na mikono. Tope limewapanda mpaka lilipofika, huyu kiunoni, yule kifuani, na juu ya mstari huo gunia ni kavu na jeupe kwa vumbi. Hakuna mstari unaolingana na mwingine. Bega la kulia kwa wote limechakaa, ndilo linalobeba kamba.

Nilianza kuchora. Vazi lenye bega moja nene, lililofumwa mara mbili. Jingine jepesi. Rangi nzito chini, na mpaka wake uende unapotaka, usinyooke. Sikuwahi kuona sweta la hivyo popote. Nimejaza kurasa. Kaka alikuja akachungulia, akacheka.

"Umekuja toka Ulaya kuchora magunia?"

Nikamwambia ndiyo.

Jumatano, 22 Juni. Nyasubi.
Nimeshuka kwenye lori nikiwa na haraka ya kuanza. Nyekundu sitaitumia. Kijani chini, nyeupe juu. Nimekuja nikihesabu mishono kichwani njia nzima.

Nilisikia harufu kabla ya kufika mlangoni. Sufu ikiungua hunuka nywele. Ni somo la mwaka wa kwanza, unawasha uzi kwa kiberiti ujue ni wa nini. Nikajua pale pale. Nikatamani nisiwe nimesoma.

Mama alikuwa kwenye shimo la takataka na mti mkononi. Sufu haiungui vizuri. Ilikuwa imegandana, donge jeusi linalofuka, na yeye analichokoa. Macho mekundu. Akasema mgambo wameingia nyumba za mtaa wa pili. Akasema wangesema nimeleta za kuuza, na ningefungwa, na masomo yenyewe yangeishia hapo.

Nikaenda kulala na viatu.

Alhamisi, 23 Juni.
Sijaongea na Mama.

Jumamosi, 25 Juni.
Wamekuja asubuhi, watatu. Wameinua magodoro, wamefungua sanduku. Ndani mna sindano za kufumia na karatasi. Mmoja akauliza sindano ndefu hivi ni za nini. Nikamweleza.

"Unasomea kufuma? Ulaya?"

"Ndiyo."

"Nchi inakosa dawa, wewe unapelekwa kusomea sweta."

Wenzake wakacheka, wakaondoka. Mama hakunitazama, na mimi sikumtazama. Pengine aliniokoa. Pengine ningewaeleza wakaelewa. Sitajua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya sufu yenyewe. Lakini maneno ya yule mgambo nayo yamebaki. Nimezunguka nayo siku nzima. Kaka yangu anaingia kwenye maji na gunia. Mimi nasomea nini hasa?

Jumatano, 29 Juni.
Mama amefanya jambo. Mifuko ya unga inashonwa mdomoni kwa uzi mnene wa pamba. Ukipata ncha yake ukavuta, wote unafumuka kwa mkupuo mmoja. Amepita kwa majirani, kwa watu wa mashine ya kusaga, mpaka jikoni kwa masista. Ameniwekea furushi juu ya kitanda. Vipande vifupi vifupi, vingine vina unga bado. Amevifunga ncha kwa ncha mwenyewe.

Hakuomba radhi. Amesema tu, "Sijui kama utafaa."

Nimemshukuru. Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu sufu iungue. Halafu tumekaa uani, yeye anaunga, mimi naviringisha. Vifundo vyake ni vidogo na vigumu. Nikiwa nafuma vinajitokeza upande wa nje kama vipele. Mwanzoni nilivisukuma ndani. Baadaye nimeviacha.

Jumapili, 10 Julai. Bugarama.
Aibu. Nimempelekea kaka sweta, akashuka nalo duarani. Alipotoka lilikuwa limefika magotini. Pamba ikilowa huwa nzito, inavutika kwa uzito wake. Najua hilo. Nilifundishwa. Nilipenda mchoro wangu nikasahau maji.

Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wanamwita kaka Bibi Harusi. Na yeye akazunguka mbele yao ameshika pindo, akajipitisha. Nikacheka na mimi. Sikumbuki lini nilicheka hivyo mara ya mwisho.

Kisha nikamvua, nikalikamua, nikakaa nalo juu ya kifusi nikaangalia limevutika wapi. Kwapani sana. Kifuani kidogo. Bega nene halikusogea hata kidogo. Bega liko sawa.

Alhamisi, 21 Julai. Nyasubi.
Nimelifumua lote, nimelifuma upya. Mishono ya kubana chini ya kifua, kama ile ya mwishoni mwa mikono ya sweta. Fupi, liishie kiunoni. Kwapa nimeliacha wazi, mkono utembee na maji yatoke. Mama ameshikilia kipande nikipima. Anauliza maswali mazuri. Kwa nini huku kunabana na huku hakubani. Nimemfundisha kufuma mshono wa kawaida. Anakaza mno, sindano haipiti.

Mama Zuhura ametoka nje leo. Mume wake karudi, mali haikurudi. Alikaa na sisi. Nilimpa uzi aviringishe, akaviringisha.

Jumamosi, 30 Julai.
Kaka amekuja kuniaga. Wiki nzima amevaa sweta duarani. Halikuvutika. Anasema kulikuwa na joto mwilini mpaka anatoka, na wenzake wameanza kuuliza nani atawafumia wao. Kumbe amelifua, amelikunja, amelileta.

Nikamwambia abaki nalo. Uzi umekwisha, hakuna la pili, na yeye ndiye mwenye kazi nalo.

"Hili ni la shule," akasema. "Mimi gunia langu lipo. Ukimaliza utarudi unifumie."

"Kaka, ni baridi."

"Najua ni baridi. Mimi ndiye ninayeshuka."

Nimelichukua. Najiona mwizi. Tope halikutoka kwenye kufua, limekaa kifuani, mstari wake unapanda upande mmoja kama kilima. Bega limeanza kusuguka. Nilidhani nitapeleka Ujerumani kitu kipya.

Jumatano, 3 Agosti. Isaka, stesheni.
Treni imechelewa. Mama amekuja nami, ingawa nilimwambia asijisumbue. Tumekaa kwenye benchi upande wenye kivuli. Amenipa viazi vitamu vya kuchemsha, tumekula. Mama mmoja wa Kisukuma kapita na kuku wake, akamsalimia Mama, "Mwangaluka mayu," wakaulizana habari za mvua na watoto. Akaniulizia na mimi. Mama akamwambia, "Huyu ni wangu. Anasoma."

Upepo wa vumbi. Nimeegemea bega lake nikapitiwa na usingizi mchana kweupe, mbele ya watu. Hakusogea mpaka treni ilipopiga honi.

Naandika haya ndani ya behewa. Mkono wa kuume wa blauzi yangu bado una joto lake.