Waya wa Besi na Mkono wa Mpwa Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Naitwa Baba Spika, hata kwenye harusi ya binti yangu walinitangaza hivyo
Umri: Miaka hamsini na minane, ingawa sifanani nayo
Kazi: Mwimbaji na kiongozi wa bendi
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeimba kwenye kumbi zenye vyoo vya marumaru, nikapigiwa makofi na watu wasiojua hata neno moja la ninachoimba. Kwa hiyo nikizungumzia sauti, afande, andika bila wasiwasi.

Mpiga besi na mpiga solo wa bendi yangu ni wapwa zangu, watoto wa dada yangu, tumbo moja. Mimi niliwafundisha wote wawili kushika gitaa.

Kwa miezi kadhaa mkubwa, yaani mpiga besi, alikuwa akilalamika kwamba besi yake inasikika kama imefunikwa blanketi. Akabadilisha nyuzi, akabadilisha spika, blanketi halikutoka. Mwishoni akaja na waya mpya wa kuunganisha gitaa na amplifaya: shaba tupu ndani, ncha za dhahabu. Akaupenda kama mchumba. Akataka bendi nzima tuweke waya kama huo.

Mdogo wake akamwambia, "Kaka, umeme haujui dhahabu."

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, saa tisa alasiri, tukiwa mazoezini, niliamua tumalize ubishi. Mkubwa ageukie ukuta. Mdogo apige besi mara tatu kwa waya anaoutaka, wa zamani au mpya, zote urefu mmoja. Mkubwa aseme ni upi. Akipatia, nabadilisha waya zote. Akikosea, anafunga mdomo.

Mara ya kwanza mkubwa akasema, "Huu wa zamani. Sauti imelowa."

Ya pili akatabasamu, japo anatazama ukuta. "Haya sasa! Sikia inavyopumua, Mjomba."

Ya tatu akasema, "Umerudisha ule mbovu."

Mdogo akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Kaka, sijachomoa kitu! Ni waya mmoja tu, ule wa zamani, mara zote tatu!"

Tulicheka sote. Mpiga ngoma alicheka, mimi nilicheka, na kicheko changu kinajulikana mtaa mzima. Mkubwa hakugeuka. Mdogo hakujua kuacha. Aliweka mkono wa kushoto juu ya amplifaya, akajiinua, akasema, "Masikio yako yamekufa. Tafuta kazi ya kubeba spika, nitatafuta mtu mwingine wa besi."

Hapo mkubwa akageuka. Alichukua stendi ya maiki, ile yenye kitako cha chuma, akaishusha juu ya ule mkono. Mara moja. Nilisikia vidole.

Nilimkumbatia kwa nyuma. Hakupigana nami. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Nimesikia tofauti, Mjomba. Wallahi nimesikia."

Afande ameniuliza kama waya huleta tofauti. Waya mrefu mno hufifisha sauti kali, hilo nimelisikia mwenyewe. Ukikatika ndani, unakoroma. Lakini waya mbili nzima za urefu mmoja, iwe dhahabu iwe bati, hata mimi sitofautishi, na mimi ni mimi. Nadhani kijana yule amesimama mbele ya spika miaka mingi mno, na blanketi halikuwa kwenye besi. Nilipaswa kumpeleka hospitali ya masikio. Nikampeleka ukutani.

Daktari amesema vidole viwili vya mdogo huenda visikunje tena. Mpiga solo asiyekunja vidole ni mtazamaji.

Dada yangu amekaa kwenye benchi hapo mapokezi. Asubuhi alinishika mikono akasema, "Kaka, sema stendi ilianguka. Usiniachie mmoja kilema na mwingine ndani." Nimemlea dada huyu. Stendi haikuanguka. Iliinuliwa, ikashushwa.

Nimesomewa niliyosema, ni maneno yangu, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya askari: Shahidi anajua kuandika, ila aliirudisha kalamu mezani mara mbili, akaomba kuweka dole gumba. Ameuliza kama kituo kina mlango wa nyuma, usiopitia mapokezi. Nimemwonyesha.