Alama Shavuni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifika. Hapa Mandewa tumemaliza kuvuna alizeti, na babu yako sasa anatembea bila fimbo.

Unauliza, unapojifunza kusafisha picha kwenye kompyuta, utajuaje cha kufuta na cha kuacha. Nami nilianza hivyohivyo, kompyuta zilipoanza kuingia studio za mjini Singida. Mama mmoja wa Mungaa alileta picha pekee ya binti yake marehemu. Ilikuwa imelowa mvua, uso umejaa madoa. Fundi aliyekuwa akinifundisha alisafiri, kazi ikabaki kwangu. Niliiingiza kwenye kompyuta, nikatengeneza nakala kwanza, nikafuta madoa taratibu mpaka ikabaki alama moja shavuni. Hapo mkono ukasita. Nikamwita yule mama.

"Mama, na hili ni doa?"

Aliinama karibu na kioo cha kompyuta.

"Hilo ni kovu. Uji ulimrukia akiwa mdogo. Ungelifuta, mwanangu, ningerudi nyumbani na mtoto wa mtu mwingine."

Nilishusha pumzi. Tuliichapisha na kovu lake, akaondoka ameikumbatia.

Basi mjukuu wangu, ukisita, usione haya kumuuliza mwenye picha.

Akulinde Mungu huko uliko,
Bibi yako