Chakula Tulichokula Kabla ya Kulia

Jumapili, Makoko. Tangu alfajiri mawingu yamelala juu ya ziwa, hayanyeshi wala hayaondoki. Kengele ya misa ya kwanza imelia, ya pili nayo imelia, na mimi bado nimekaa ukingoni mwa kitanda na kanga ya jana. Sijaenda kanisani. Nikienda itabidi niungame, na padre wetu anaijua sauti yangu hata nikiongea kwa pua.

Basi nitaungama hapa.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua nilikuwa nafanya kazi gani. Kwa mgeni: nilikuwa mwezeshaji katika mradi wa wafadhili kutoka nje. Utawala bora, ujenzi wa amani, jamii jumuishi. Maneno hayo matatu yaliandikwa mgongoni kwenye fulana zetu, na siku za kwanza nilikuwa naivaa yangu hata kwenda sokoni. Tulizunguka vijiji vya Butiama na Bunda, tukisaidia watu wagombanie malisho na mipaka kwa mdomo badala ya panga. Miezi miwili iliyopita ikaja barua pepe kwamba ufadhili umesitishwa. Gari likachukuliwa, ofisi yetu hapa Musoma ikafungwa, na mimi nikarudi nyumbani na boksi la fulana ambazo hakuna anayezitaka.

Sitaki kuwasema vibaya wafadhili. Kuna vijiji ambako wanawake walikuwa wanakaa chini kwenye mkeka wakati wa mkutano, na leo wanakaa kwenye kiti na wanapinga hoja za mwenyekiti mbele za watu. Hilo nimeliona kwa macho yangu na nalionea fahari. Kosa ninaloliandika leo ni langu.

Nyumbani kwetu Butiama kuna vijiji viwili vinavyotazamana, katikati yao bonde lenye majani mazuri wakati wa kiangazi. Miaka mingi wamegombana juu ya bonde hilo. Katika ugomvi mmoja, vijana wa ng'ambo walimuua mume wa mwanamke ninayemwita Mama Wakuru. Alitoka asubuhi kufuata ng'ombe wake akarudishwa kwenye machela ya miti. Aliacha mke na binti mmoja, huyo Wakuru.

Kwetu damu ikimwagika hivyo, kuna utaratibu. Wale waliomwaga wanakuja kwa miguu, wanaume kwa wanawake, mpaka nyumbani kwa marehemu. Wanalia kaburini. Wanalia kweli, kwa sauti, na wenye msiba wanawaangalia tu. Wakimaliza, mjane mwenyewe anawapa maji. Ndipo siku nyingine, baadaye kabisa, mnakaa mnakula pamoja. Kula ndio mwisho. Ukila nao kabla hawajalia, maana yake umekula kifo cha mtu wako, na kwako hakuliwi tena. Hakuna atakayekutukana. Watakusalimia vizuri tu, ila hawatagusa chungu chako na hawatakupakulia cha kwao.

Naandika kama mtu anayeeleza mambo ya mbali. Mimi nimezaliwa hapo. Nilijua haya kabla sijajua kusoma.

Tulikuwa tumehangaika na vijiji hivyo viwili zaidi ya mwaka. Mikutano, kamati, mafunzo, chati ukutani. Mwishowe wakakubali kupatana, na ofisi ikapanga siku ya maridhiano. Ikawa bahati kwamba wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa nchini, wakataka kuiona siku hiyo. Ratiba yao ilikuwa imebana: asubuhi watoke Musoma, saa nne wawe kwetu, saa nane wawe Bunda kwenye shughuli nyingine. Katika saa hizo chache zilitakiwa kuingia hotuba, ngoma, kusaini makubaliano, na chakula cha pamoja. Kulia kaburini kungekula siku nzima. Halafu, niseme ukweli, tuliona haya. Tuliwaza wageni watashangaa wakiona watu wazima wanagaragara chini.

Mimi ndiye niliyesema tugeuze. Tule kwanza, wageni wakiwepo. Kulia watakuja Jumamosi inayofuata, kimya kimya, kifamilia.

Mama Wakuru alikataa. Nikamfuata nyumbani mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anapepeta mtama, akaniuliza swali moja tu. "Wewe ni mtoto wa hapa. Unaniambia watakuja?"

Nikasema watakuja, mama.

Siku hiyo alikula sahani moja na Mzee Wambura, mwenyekiti wa ng'ambo. Niliona alivyomega tonge dogo, akalishika muda, akaniangalia. Nikamwashiria kwa kichwa. Akala. Watu wakapiga makofi, mpiga picha akapiga picha, na ile picha ikawa kwenye kalenda ya mradi. Nilipoandika ripoti nilimwita "mwanamke kinara wa maridhiano". Bosi wangu akaisifia kwenye kikao.

Jumamosi inayofuata ilinyesha. Ile nyingine gari lilikuwa Bunda. Halafu kukawa na semina, halafu ripoti ya robo mwaka, halafu barua pepe. Nilikuwa ninajiambia nitalifuatilia. Hata leo sijui kama kweli nilikusudia au nilikuwa najidanganya.

Wakati mimi najidanganya, Mama Wakuru alikuwa anakaa na chungu chake. Majirani waliacha kuingia. Kwenye misiba alikuwa anapeleka kuni, kwa sababu unga wake ulikuwa unarudishwa. Sikujua ametengwa kiasi gani mpaka mwezi uliopita, Wakuru alipopata mchumba na wazee wa upande wa kijana wakaja kwa mazungumzo. Hakuna mwanamke wa kijiji aliyekuja kusaidia kupika. Mama na binti wakapika peke yao, wakaandaa, na wale wageni wakiwa njiani wakadokezwa na mtu. Walikaa, wakazungumza kwa adabu zote, wakaondoka vyakula vikiwa vimefunikwa vilevile. Wamesema watarudi jambo la kaburi likiisha. Wakuru alinipigia simu, hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu kama ninaweza kuongea na wale wa ng'ambo.

Jana nikaenda. Nilishuka Kiabakari nikachukua bodaboda hadi ng'ambo ya bonde, kwa Mzee Wambura. Alinipokea vizuri mno. Akaagiza kiti, akauliza wafadhili hawajambo, kama vile ni ndugu zangu.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha ukuta kwa kidole. Pale juu ya mlango wa chumba kulikuwa na cheti cha makubaliano, kimewekwa kwenye fremu ya kioo, na pembeni yake kalenda yetu ya mwaka huu, imefunguliwa pale pale kwenye picha.

"Madamu, sisi tulishasamehewaga. Mwenyewe alikula. Si huyo hapo?"

Nikasema, lakini mzee, wewe unajua utaratibu.

"Naujua. Zamani tulikuwaga tunaenda kulia, wee, mpaka sauti inakauka. Lakini hii ilikuwaga amani ya mradi. Mlikuja na karatasi, mkasema tukisaini tumemaliza. Wewe mwenyewe ndo ulitusomea." Akatabasamu kidogo, bila ubaya. "Sasa leo niwaambie vijana wangu twende tukalie? Wataniuliza, kwani tumeua tena?"

Hana kosa kubwa mzee yule, au analo lakini mimi ndiye niliyemfichia. Mwaka mzima nilimfundisha kwamba sahihi ni neno la mwisho, na amenielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Nikamwomba aje basi yeye peke yake. Akasema atafikiria. Kwetu mtu akikwambia hivyo, unaaga.

Nikavuka bonde kwa miguu. Kusema kweli nilijivuta, kila hatua nikitafuta maneno.

Mama Wakuru alikuwa ameniona tangu mbali. Nilipofika uwanjani tayari kulikuwa na moshi jikoni. Nikamwamkia, akaitika, akanipokea mkoba. "Umekuja kwa miguu? Gari liko wapi?"

Nikamwambia gari walilichukua.

Akanikalisha ndani. Hakuuliza lililonileta, na mimi sikulisema haraka. Tuliongea habari za mvua, za mama yangu, za mihogo ambayo nguruwe pori wameifukua. Wakuru alikuwa anaingia na kutoka, akinitazama usoni kila akipita. Mwishowe nikasema. Hawaji. Mzee anasema atafikiria.

Wakuru akatoka nje. Mama yake alibaki anaipangusa meza, ambayo ilikuwa safi. Kisha akasema, "Haya. Umetembea sana, ule kwanza."

Alileta ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, mweusi, unafuka, na furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, waliotiwa karanga. Alileta na maji ya kunawa kwenye birika, akalishika mwenyewe juu ya beseni, akisubiri mikono yangu.

Hili ndilo ambalo padre hatalisikia kwangu leo.

Mimi nina shahada. Nimesimama mbele ya watu nikafundisha kwamba hakuna anayepaswa kutengwa, nikachora duara ubaoni, nikaweka watu wote ndani ya duara kwa chaki. Najua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kwamba yule mama hana hatia, kwa sababu hatia yenyewe ninayo mimi. Lakini mama yangu mzazi anaishi kilomita chache kutoka pale. Wiki iliyopita alinipigia akasema, nenda kamsalimie ukitaka, ila usile kule, mwanangu, ukila kule hata mimi sitakupakulia. Hakuwa na hasira. Aliongea taratibu, kama anayenikumbusha kubeba sweta.

Na mwezi ujao mdogo wangu anaoa. Mimi ndiye dada mkubwa. Mimi ndiye wa kusimamia jiko.

Hayo yote yalinipitia kichwani wakati maji yanasubiri. Mikono yangu ilibaki mapajani.

Nikasema, "Asante mama, nimeshiba. Nilikula Kiabakari."

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Tumbo lilinguruma nikiwa bado nasema, na nina hakika alilisikia.

Akaniangalia. Hakuwa na uso wa kukasirika, ningeshukuru angekasirika. Aliweka birika chini pole pole, akachukua sahani nyingine akaufunika ugali.

"Kiabakari wanapikaga vizuri," akasema.

Kisha akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote, akanibebea mkoba, akanisimamishia bodaboda. Aliniambia nimsalimie mama yangu.

Nimelia njia nzima mpaka Musoma. Dereva wa boda alidhani nimefiwa, akanipa pole, nikaipokea. Usiku sikula. Asubuhi hii pia sijala, na najua kujinyima leo hakumsaidii mtu, ni kujifariji tu.

Nimekaa hapa nikijiuliza ni kitu gani hasa nilikwenda kukijenga kule kwetu kwa miaka yote hiyo. Vile viti vya wanawake vipo, najua. Bondeni haijamwagika damu tena, namshukuru Mungu, na pengine mtu aliye mbali atasema hilo linatosha. Lakini amani ile ina mtu mmoja aliyeibeba yote mgongoni, na jana alininyooshea maji ya kunawa nami sikunyoosha mikono.

Mchana huu nitampigia mdogo wangu nimwambie atafute mwingine wa kusimamia jiko. Nitampigia na mama. Sijui nitaanzaje, na najua atakavyonyamaza kwenye simu. Jumamosi nitarudi Butiama bila karatasi yoyote. Nitakaa jikoni kwa Mama Wakuru mpaka kitakachokuwa motoni kiive, kisha nitanawa, na milango ya mama yangu ikifungwa, basi tutakuwa wawili.

Kama atanipikia tena.