Miguu Yangu Baada ya Eda

Pande, Kilwa
14 Juni 1953

Mpendwa dada yangu Moza,

Shikamoo. Huko Tanga mmeamkaje? Kile kifua chako kimepoa, au baridi ya alfajiri bado inakisumbua? Shemeji na watoto nao? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, ila mimi mwili una afya na moyo hautulii.

Habari za msiba zilikufikia, Mungu amrehemu mume wangu Huseni. Yaliyofuata hukuyasikia. Kaka Tawakali alinichukua nikakae eda kwake Kivinje, na kwa hilo namshukuru. Lakini dada, wewe wanijua. Tangu utotoni mimi ndiye niliyetumwa kufukuza nguruwe shambani, wewe ukibaki na Mama jikoni. Hata ilipoharibika ile mimba yangu ya kwanza, kilichoninyanyua ni jembe na njia ya shamba. Sasa nikawa wa kushinda uani.

Nilikwenda na kurudi kati ya kisima na jiko mpaka wifi Mwanaima akalalamika kwamba namtia kizunguzungu. Akaenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akajibu kwamba mjane amekatazwa kutoka na kujipamba, hakukatazwa kutwanga. Basi nikatwanga mtama wa nyumba nzima, na wa majirani pia. Nikiwa na mchi mkononi nililia vizuri. Nikikaa, kilio hakikuja.

Eda ilipokwisha, Kaka akaniambia kuna mtu mzima mwenye duka hapo Kivinje ananiulizia. Anataka mke wa kukaa ndani.

"Utapumzika, Biasha," alisema, na alisema kwa huruma.

Neno hilo lilinitisha. Nikaomba ruhusa nije Pande kutazama shamba la marehemu, nikafuatana na wachuuzi wa samaki.

Njiani ndipo nilipojua nilivyoharibika. Miguu ilivimba, wenzangu wakawa wananingoja kila baada ya hatua chache. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni, mkubwa kuliko mimi kwa miaka mingi, alinipita akanipa pole. Nikakaa kando ya njia nikalia, na safari hiyo sikuwa namlilia Huseni.

Shamba nimelikuta nguruwe wamelifanya lao. Asubuhi ya kwanza niliwakimbilia, nikaanguka kabla ya kuifikia mihogo, kifua kinawaka. Jirani yangu Ziada ndiye aliyewafukuza. Hakunicheka. Alinishauri nizunguke mpaka wa shamba kila alfajiri, leo kidogo, kesho nizidishe. Kwanza nilitembea, kisha nikakimbia hadi kwenye kichuguu, sasa nalizunguka lote bila kusimama. Usidhani huzuni imekwisha. Inanifuata, lakini ikinikuta nakwenda hainiangushi.

Juma lililopita Kaka akaja na baiskeli kunichukua. Alinikuta nimejifunga kanga kiunoni, namkimbiza nguruwe dume huku napiga kelele, hata hodi yake sikuisikia. Mnyama alipotoboa uzio akatokomea, nilirudi natweta, jasho linanitiririka, nikajikuta nacheka mbele ya kaka yangu. Tangu msiba sikuwa nimecheka. Nilidhani atanigombeza kwa kumtia aibu.

"Yule mtu nimwambie nini?" akauliza.

"Mwambie hukunikuta nyumbani, Kaka."

Aliomba maji, akanywa, akaniuliza uzio umebomoka wapi. Hadi magharibi alikuwa anakata miti na kuifunga kwa kamba, mimi namshikia. Kesho yake akarudi Kivinje peke yake.

Bado sijui kama mihogo iliyobaki itanifikisha mwakani, wala kama Kaka ameridhika au amenyamaza tu. Hata barua hii nimeiandika vipande vipande, nikiinuka kila nikisikia majani yakitikisika.

Nisalimie shemeji Abilahi, watoto wote, na bibi Mwanasha kama bado yupo hapo kwenu. Ziada anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu akulinde, akupe umri na pumzi ya kuutembelea. Siku ukija Pande, pitia shambani moja kwa moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Biasha