Kichwa cha Bosi Kimewaka, Baba Mdogo

Shikamoo baba mdogo,

Mbeya ina baridi ya kung'ata na mvua haikatiki, lakini mimi nachemka, ndiyo maana nakuandikia. Wewe na majirani wote wa pale Ilula mlisema mbwa wetu Bosi ana kichaa, kwa sababu tu anazunguka upande mmoja kutwa nzima. Alichanjwa, nikakwambia. Ukaendelea kunoa panga.

Jana daktari wa mifugo alituombea nafasi kwenye mashine ya MRI ya hospitali ya watu, wagonjwa walipokwisha kupigwa picha. Bosi akachomwa sindano ya usingizi. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Mama wa Kinyakyusa anayeendesha mashine akasema, "Kichwa kizima hiki, mwanangu. Nendeni nyumbani." Nikagoma kutoka. "Mchome na ile dawa ya kung'arisha picha, kama mnavyowachoma watu." Akaguna, akamchoma mshipani. Picha ya pili, uvimbe ukawaka mweupe katikati ya ubongo, mkubwa kama harage.

Ni uvimbe, baba mdogo. Haumwambukizi mtu wala kuku. Kupona hataweza, sikudanganyi, ila vidonge vitampa muda, na muda huo ni wake, si wa panga lako.

Kabla ya kuingia ilibidi avuliwe chuma chochote. Ile kola ya waya uliyomsukia mwenyewe alipokuwa mdogo, ukimbeba kifuani, ninayo mfukoni. Tunafika Alhamisi. Mimi simvalishi. Utamvalisha wewe.

Nakupenda hata nikiwa na hasira,
Tumaini