Punje Nyeupe za Mwende

Mjukuu wangu Mumbua,

Natumai u mzima huko chuoni. Hapa Kilungu tupo tu. Babu yako bado anakohoa, na ng'ombe ameacha kutoa maziwa.

Umeniuliza kama naweza kuwaamini hao bakteria mnaowatengeneza maabarani, wanaong'aa wakikuta sumu ya ukungu kwenye mahindi. Ngoja nikuambie habari za mdogo wangu Mwende, ambaye hukumjua.

Nilikuwa msichana mwaka ule mvua ilipotukuta tukivuna. Mama alinipa kazi ya kuchambua mahindi. Punje zenye ukungu nilizitupa, zile nyeupe nikazitwanga kuondoa maganda ziwe muthokoi wa kupika. Nilitafuna moja kwanza. Haikuwa chungu, kwa hivyo nikajua ni safi. Mwende alikuwa kitinda mimba wetu, nikampakulia mara mbili. Baada ya siku chache macho yake yakawa ya njano. Hayo mengine sitaandika.

Miaka yote hii nilidhani kuna punje mbaya iliyoniponyoka. Ni barua yako iliyonieleza kwamba sumu hukaa hata kwenye punje inayopendeza. Nimelishika hilo, ingawa halinifariji.

Kwa hivyo ndiyo, ningewaamini. Lakini mvua imetukuta tena shambani, na gunia tulilo nalo ni moja. Bakteria wako waking'aa, nitampikia babu yako nini? Leo asubuhi nimekaa uani nikachambua kwa macho yale yale. Muthokoi iko motoni sasa. Nilitafuna punje moja, haikuwa chungu.

Ni mimi susu wako